Maswali ya Wasomaji: Mamlaka ya leseni za ulinzi ikifutwa, mwenye leseni anabaki na nini?

Barua nne za mwezi huu zimetoka Reading, Nairobi, Leicester na Dar es Salaam, na waandishi wake hawajuani, lakini zote zinazunguka jambo moja: serikali inapotaka kuiondoa mamlaka inayotoa leseni kwa walinzi na wapelelezi wa kujitegemea, na kuweka nyingine mahali pake, yule aliyekwisha kulipa ada na kupigwa picha anabaki na nini mkononi. Nimezijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa uzito wake haulingani.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, na kwa miaka 6 sasa ni mlinzi wa usiku katika ghala moja hapa Reading, Uingereza. Leseni yangu ya SIA, ile mamlaka inayotoa leseni za walinzi huku, inaisha baada ya miezi mitatu. Kazini pamezuka maneno kwamba serikali itaivunja SIA na kuunda chombo kipya, kwamba leseni za zamani hazitatambuliwa, na kwamba anayehuisha leseni sasa anatupa pesa. Mwenzangu mmoja ameamua kungoja. Je, nami ningoje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usingoje. Leseni yako ikiisha kabla hujapata nyingine, siku inayofuata huruhusiwi kusimama kwenye lango lile, kwa sababu Sheria ya Sekta ya Ulinzi Binafsi ya mwaka 2001 inamhesabu mlinzi wa kampuni anayefanya kazi bila leseni kuwa ametenda kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miezi 6. Kampuni iliyompeleka kazini nayo ina kosa lake, tena zito zaidi. Huyo mwenzako atakingoja chombo kipya akiwa nyumbani, na kodi ya nyumba haitamngoja.

Nadhani najua maneno hayo yalikoanzia. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, walinzi na mabaunsa wa milangoni wanaotaka kuhuisha leseni hawana budi kwanza kupita mafunzo ya marudio, na kabla ya kuingia darasani wawe na cheti cha huduma ya kwanza ambacho muda wake haujakwisha. Mtu aliyezoea kulipa ada na kusubiri kadi ije kwa posta, alipoambiwa kwamba cheti chake cha zamani peke yake hakitoshi tena, alisikia kwamba leseni za zamani zimefutwa. Na habari inayopita chumba cha chai saa nane za usiku haina mhariri.

Basi fanya hivi. Maombi ya kuhuisha hupokelewa kuanzia miezi 4 kabla ya leseni kwisha, na muda uliobaki haupotei, bali huongezwa kwenye leseni mpya ya miaka 3, kwa hiyo anayewahi hapati hasara yoyote. Kitafute kwanza cheti cha huduma ya kwanza, kisha mafunzo, ndipo ufungue maombi. Na kama katika miaka 5 iliyopita uliwahi kukaa nje ya Uingereza kwa miezi 6 mfululizo au zaidi, kama ilivyo kwa wengi wetu tunaokwenda nyumbani kwa msiba wa wiki mbili na safari ikarefuka, utatakiwa kuleta hati ya rekodi ya uhalifu kutoka nchi uliyokaa, ambayo kwa Mkenya ni kile cheti cha tabia njema kinachoanza kwa kuchovya vidole katika wino. Angalia majina. Nilipomsaidia mpwa wangu, pasipoti yake ilikuwa na majina matatu na cheti kikaja na mawili, kwa kuwa tulipojaza fomu tuliliona jina la babu kuwa la ziada. Kosa lilikuwa letu wenyewe, lakini lilitugharimu wiki saba, na katika wiki hizo leseni yake ikaisha.

Sasa nije kwenye uvumi wenyewe, maana haukutoka hewani. Mamlaka ya Sekta ya Ulinzi, ambayo walinzi wote wa Uingereza huijua kwa herufi zake tatu, ilianza kazi mwaka 2003 chini ya sheria ile ya 2001. Kabla yake, mtu aliyetoka gerezani asubuhi aliweza kuvaa koti jeusi jioni na kuamua nani aingie klabuni na nani asiingie, na katika baadhi ya miji milango ya vilabu ilikuwa mikononi mwa magenge yaliyoamua pia nani auze dawa za kulevya ndani. Leseni zilianza kwa mabaunsa, zikafuata kwa walinzi mwaka 2006, zikavuka hadi Scotland mwaka 2007 na Ireland ya Kaskazini mwaka 2009.

Halafu ikaja tarehe 14 Oktoba 2010. Serikali mpya ya mseto ya David Cameron ilikuwa inatafuta pa kubana matumizi, na waziri Francis Maude akatoa orodha ndefu ya taasisi za umma ambamo 192 zilipangiwa kufutwa. Kuhusu SIA iliandikwa kwamba haitaendelea kuwa taasisi ya umma, na kwamba kutakuwa na mpito wa hatua kwa hatua kuelekea utaratibu mpya wa usimamizi. Utaratibu huo mpya ungekuwa nini, orodha haikusema. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa upande wa waliofurahi, kwa sababu nilikuwa bado na kumbukumbu ya Novemba 2007, ilipobainika kwamba maelfu ya watu wasio na haki ya kufanya kazi nchini walikuwa wamepewa leseni, kwa kuwa mamlaka ilikuwa ikikagua rekodi ya jinai na kuwaachia waajiri suala la vibali vya kazi. Wengi katika jumuiya yetu wanaukumbuka mwaka ule, na si kwa wema.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba kampuni za ulinzi zenyewe, zilizokuwa zikilalamikia ada na fomu kila mwaka, ndizo zilizopaza sauti zikitaka mamlaka ibaki, zikiwa bega kwa bega na mwenyekiti wake wa wakati huo, Baroness Ruth Henig. Ukilitazama kwa jicho la mfanyabiashara, si ajabu. Kampuni iliyogharamia mafunzo na ukaguzi haitaki kushindana kwenye zabuni na kampuni inayookota vijana kituo cha basi. Tena hoja ya kubana matumizi ilikuwa na tundu: SIA haiendeshwi kwa kodi ya wananchi, inaendeshwa kwa ada za leseni, yaani kwa pesa zako wewe na mwenzako wa ghalani. Ukiifuta, hazina haipati kitu cha maana. Na kwa kuwa Scotland na Ireland ya Kaskazini nazo zilikuwa na sauti katika jambo hili, London isingeweza kuamua peke yake na kuwaachia wengine ombwe.

Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba tangazo la waziri si sheria. SIA imeundwa na kifungu cha kwanza kabisa cha sheria ya 2001, na leseni yako imetolewa chini ya sheria hiyo hiyo, kwa hiyo kuiondoa mamlaka na kuhamishia leseni kwingine kunataka Bunge liketi na kupiga kura. Mwezi Novemba 2012 serikali ilileta mapendekezo na kuomba maoni: leseni iwe kwanza ya kampuni, na ukaguzi mwingi wa mlinzi mmoja mmoja uwe mikononi mwa mwajiri. Maoni yalikusanywa, na sheria ya kuyatekeleza haikuja. Kilichoondoka mwaka ule kilikuwa kidogo lakini kilishangiliwa: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2012 ikawa kosa kufunga magurudumu ya gari la mtu kwenye ardhi ya binafsi katika England na Wales, na leseni ya kazi hiyo ikakosa maana huko. Miezi michache kabla yake, kampuni ya G4S ilikuwa imeshindwa kutimiza idadi ya walinzi iliyoahidi kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya London, ambayo ilikuwa zaidi ya 10,000, na serikali ikalazimika kuongeza wanajeshi 3,500. Baada ya picha za wanajeshi wakikagua mikoba ya watazamaji kuenea kila mahali, haikuwa rahisi kwa mwanasiasa kusimama na kusema sekta hii inaweza kujisimamia.

Tangu hapo upepo umevuma upande wa pili. Uchunguzi wa shambulio la Manchester Arena la tarehe 22 Mei 2017, lililoua watu 22, ulichapisha juzuu yake ya kwanza mwaka 2021 na kutaka leseni zipanuliwe, ziwaguse pia waangalizi wa kamera wanaoajiriwa moja kwa moja na mwenye jengo, pamoja na kampuni zenyewe zinazouza huduma ya ulinzi. Kisha tarehe 3 Aprili 2025 ikapitishwa sheria ya kulinda majengo ya umma dhidi ya ugaidi, maarufu kwa jina la Martyn, mmoja wa waliouawa siku ile, na sheria hiyo imeikabidhi SIA hiyo hiyo kazi ya kusimamia maelfu ya kumbi, viwanja na nyumba za ibada zinazotarajiwa kuwa na watu 200 au zaidi kwa wakati mmoja. Chombo kilichokuwa kwenye orodha ya kuvunjwa mwaka 2010 kimepewa mzigo mpya miaka 15 baadaye. Mwambie mwenzako aweke miadi ya mafunzo.

SWALI: Mhariri, kaka yetu mkubwa aliuza shamba la baba Kiambu akaondoka na pesa zote, na tuna habari kwamba yuko London. Tumempata kwenye mtandao mpelelezi wa kujitegemea wa huko anayetaka pauni 1,500 za kuanzia. Anasema ana leseni ya SIA na ametutumia picha ya kadi. Pia anaahidi kutupatia taarifa za akaunti ya benki ya kaka. Je, kadi hiyo inatosha kumwamini? — Msomaji wa kike, Nairobi.

JIBU: Dada, rudi uitazame picha ile. Kadi ya SIA huandikwa kazi ambayo mwenye kadi ameruhusiwa kuifanya: ulinzi wa mahali, ubaunsa, uangalizi wa kamera, ulinzi wa mtu binafsi, usafirishaji wa fedha. Huwezi kuona humo neno upelelezi, kwa sababu nchini Uingereza leseni ya mpelelezi wa kujitegemea haipo. Huenda bwana huyo ni mlinzi halali kabisa, na ukiingiza namba yake yenye tarakimu 16 kwenye daftari la wazi la SIA utaliona jina lake. Lakini kadi ya mlinzi haimfanyi mtu mpelelezi, kama vile leseni ya kuendesha gari haimfanyi mtu fundi wa magari.

Wasomaji wengi watashangaa, nami nilishangaa nilipolijua. Sheria ya 2001 iliutaja upelelezi binafsi miongoni mwa kazi zinazohitaji leseni, lakini kipengele hicho hakijawahi kutangazwa kuanza kutumika, kikabaki kama gari jipya lililofunikwa turubai uani. Kilikaribia kuamshwa mara moja. Mwaka 2011 gazeti la News of the World lilifungwa baada ya kujulikana jinsi wapelelezi waliolipwa nalo walivyokuwa wakisikiliza ujumbe wa simu za watu, wakiwemo wafiwa. Mwaka 2012 kamati ya Bunge ikataka wapelelezi wasajiliwe. Na tarehe 31 Julai 2013 Theresa May, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akatangaza kwamba kufanya upelelezi bila leseni ya SIA kutakuwa kosa lenye adhabu ya hadi miezi 6 jela na faini ya hadi pauni 5,000, kuanzia majira ya vuli ya 2014. Vuli ilifika ikapita, nyingine zikaifuata, na turubai liko pale pale.

Hapa ndipo ninapoona hasara ya kweli ya tangazo la 2010, na nalisema hili kama maoni yangu. Nyumba ikishapigwa alama ya X nyekundu ukutani, hata kama bomoabomoa haifiki kwa miaka kumi, hakuna anayejenga chumba kipya ndani yake. Mamlaka iliyoambiwa kwamba itaondoka ilitakiwa wakati huo huo ifungue dirisha jipya, itunge mitihani, ipange ada na kuajiri wakaguzi kwa ajili ya kundi la watu ambao haijawahi kuwasimamia. Waliotangaza kuivunja ndio waliotakiwa kuipa kazi, na kazi ile ikabaki kwenye hotuba. Jirani yao Jamhuri ya Ireland, ambayo ina mamlaka yake yenyewe ya ulinzi binafsi, ilianza kuwadai wapelelezi leseni tarehe 1 Novemba 2015, kwa hiyo kama kaka yenu angekuwa Dublin ningekujibu kwa sentensi moja tu: mdai leseni, na asiyekuwa nayo usimpe hata senti.

Kwa London fuata njia ndefu kidogo. Mpelelezi yeyote anayehifadhi taarifa za watu anatakiwa kuwa amejiandikisha na Ofisi ya Kamishna wa Taarifa na kulipa ada ya kila mwaka, na daftari hilo nalo liko wazi. Muulize namba yake. Muulize kama ni mwanachama wa chama cha wapelelezi, ingawa uanachama ni hiari. Kilicho kikongwe zaidi kati ya vile ninavyovijua kina umri wa zaidi ya miaka 100. Mdai mkataba wa maandishi unaosema atafanya nini na hatafanya nini kwa hizo pauni 1,500.

Lile la taarifa za benki ndilo linalonifanya nikuambie uachane naye leo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2018 ni kosa la jinai kujipatia taarifa binafsi za mtu kwa hila bila idhini ya anayezitunza, na mtindo wenyewe unajulikana: mtu hupiga simu benki akijifanya ndiye mwenye akaunti, au hujifanya karani wa tawi jingine aliyepotewa na namba. Anayekuahidi jambo hilo ama hataweza kulifanya, na pesa zenu zitaifuata njia ya pesa za shamba, ama ataweza, na nyinyi mliomtuma mtakuwa mmejiweka pabaya. Taarifa za akaunti hutafutwa kwa amri ya mahakama, kupitia wakili.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, ingieni wenyewe kwenye daftari la kampuni za Uingereza, ambalo ni bure na hutafutwa kwa jina la mkurugenzi. Aliyefika mjini na fedha za shamba aghalabu hufungua kampuni ndogo ya usafirishaji au ya usafi, na akiandikishwa mkurugenzi, jina lake lote linakaa pale pamoja na anwani ya mawasiliano na mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Andikeni majina yake kwa mpangilio wa namna zote, likiwemo lile la nyumbani.

SWALI: Kwa nini ada ya leseni ailipe mlinzi mwenye mshahara mdogo, badala ya kampuni yenye mkataba? — Msomaji, Leicester.

JIBU: Kwa sababu leseni ni ya mtu, si ya kampuni. Ukihama kazi unahama nayo, na mwajiri hawezi kukunyang'anya. Ada ilianza kwa pauni 190, ikapanda hadi 245, na mwaka 2023 ilishuka hadi 184. Kampuni nyingine huilipa au huikopesha, kwa hiyo iulizie kabla ya kutia sahihi mkataba. Na ukijilipia mwenyewe unaruhusiwa kuomba nafuu ya kodi kwa kiasi ulicholipa, jambo ambalo walinzi wengi niliokutana nao hawajawahi kulifanya. Sioni kosa katika malalamiko yako. Wenye leseni ni zaidi ya watu 400,000, na ndio wanaoilisha mamlaka, lakini mlinzi anapotaka kujua ada yake imefanya nini, hukutana na taarifa ya mwaka iliyoandikwa kwa lugha ya wahasibu.

SWALI: Ndugu mwandishi, nasimamia kampuni ndogo ya ulinzi Dar es Salaam. Kwetu kampuni hizi zinasimamiwa na Jeshi la Polisi, na kwa muda mrefu tumekuwa tukisikia habari za kutungwa sheria mahsusi ya sekta. Wenzetu wamegawanyika: wapo wanaotaka mamlaka huru, na wapo wanaosema jambo hili libaki polisi. Wewe unaonaje?

JIBU: Ndugu yangu, Kenya imekwisha kuchagua njia ya kwanza. Sheria yake ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi, namba 13 ya mwaka 2016, imeunda mamlaka inayojulikana kama PSRA, mahali ambapo awali palikuwa hasa na vyama vya kampuni zenyewe. Hiyo wewe una wenzako kule wa kukusimulia. Mimi nikupeleke mbali kidogo, jimbo la Texas nchini Marekani, kwa kuwa Texas imepita njia zote mbili na alama za nyayo zake bado zinaonekana kwenye vitabu vya sheria.

Mwaka 1969 Texas iliunda bodi ya kuwasajili wapelelezi na kampuni za ulinzi, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa tume ya ulinzi binafsi. Mapema mwaka 2004 tume hiyo ilivunjwa na kazi yake kuingizwa katika Idara ya Usalama wa Umma, ambayo ndiyo polisi ya jimbo. Ndani ya idara ikaachwa bodi ndogo ya kutunga kanuni na kusikiliza mashauri, na mwaka 2019 hata bodi hiyo ikafutwa, ikabaki kamati ya ushauri. Yaani chombo kilichozaliwa huru kilimezwa na polisi kwa hatua mbili, katika muda wa miaka 15.

Faida yake haifichiki. Alama za vidole za mwombaji zinafika mahali ambapo rekodi za jinai tayari zipo, na mkaguzi anayekuja getini ana nguvu ya dola nyuma yake. Kasoro yake nayo haifichiki kwa mtu aliyewahi kukaa upande wako wa meza. Polisi wa Marekani hufanya kazi za ulinzi wa malipo siku zao za mapumziko, na sheria ya Texas inawaruhusu askari wa ajira ya kudumu kufanya hivyo bila leseni ambayo mlinzi wa kampuni anadaiwa, alimradi watimize masharti yaliyowekwa. Kwa hiyo anayekupa leseni anatoka katika jamii ile ile ya watu wanaogombea lindo moja nawe. Kwenu mambo yanaweza kuja kwa sura nyingine, kwa mfano ofisa mstaafu mwenye kampuni, ambaye faili lake hupita kwa waliokuwa chini yake kikazi jana. Hilo ndilo linaloniweka upande wa mamlaka inayojitegemea, yenye mwakilishi wa polisi kwenye meza yake na mashine ya alama za vidole iliyounganishwa na polisi, lakini isiyo chini ya kamanda. Sitagombana na anayeona kwamba nchi haina fedha za ofisi nyingine. Namwomba tu akumbuke kwamba ofisi kama hii hulishwa na ada, na kwamba ada ikipandishwa ili kulipia jengo, mlinzi wa zamu ya usiku ndiye atakayeijenga.

Lakini ukipata nafasi ya kutoa maoni kuhusu rasimu, usiimalizie yote kwenye jina na wizara. Sheria ya Texas ina kifungu kifupi ambacho ningependa ukiombe kwa maneno yanayofanana nacho: kwamba popote katika sheria yoyote palipotajwa ile tume ya zamani, pasomwe kuwa pametajwa chombo kilichochukua nafasi yake. Sentensi moja tu, na sheria zilizokuwa zikiitaja tume hazikubaki zikining'inia.

Kisha omba kifungu cha pili, kinachosema kibali kilichotolewa na polisi kitaendelea kutumika hadi tarehe iliyoandikwa juu yake, pasipo kulipiwa upya. Omba na cha tatu kwa ajili ya walio katikati: kampuni iliyolipa ada Ijumaa, usimamizi ukahama Jumatatu, na stakabadhi yake ina mhuri wa ofisi ambayo haihusiki tena. Faili lake lihamishwe na nani, kwa muda wa siku ngapi, na akijibiwa kwamba halionekani aruhusiwe kuendelea na kazi kwa ile stakabadhi au asimame? Kwa kampuni kubwa hilo ni usumbufu wa wiki moja. Kwako wewe mwenye walinzi kumi na wawili na mteja mmoja wa benki anayetaka kuona kibali kila mwezi, ndilo la kulisimamia hadi liandikwe. Nakala za vibali vyako vyote, stakabadhi na orodha ya walinzi wenye alama za vidole zilizochukuliwa, anza kuzikusanya sasa katika jalada moja, wala usingoje rasimu.